Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Priscah alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuanika omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu nyuma ya nyumba yao, pale Muhuru Bay. Ya pili ilikuwa kumsaidia baba yake, Mzee Zadock, kulitengeneza gari.

Gari lenyewe lilikuwa la kijivu, lenye milango minne na mikwaruzo isiyohesabika. Bwana mmoja Mzungu alilitumia miaka mingi, kisha akamuuzia Zadock, aliyekuwa dereva wake. Huo ulikuwa mwaka wa 1966, na watu wa Muhuru Bay waliokuwa na magari hawakuzidi watatu. Mgonjwa akizidiwa, au bibi harusi akitaka kufika kanisani bila vumbi miguuni, Zadock ndiye aliyeitwa.

Priscah alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na vyepesi. Hakuna mtoto pale ufuoni aliyeweza kuziba tundu la wavu haraka kama yeye. Vidole hivyo vilipita chini ya gari mahali ambapo mkono wa baba yake haukuweza kupita. Zadock aliwaambia majirani, tena bila kuombwa, "Huyu binti ni fundi kamili. Mwaka mzima hajapoteza hata nati moja."

Jumamosi hiyo, wakati wa likizo ya Agosti, Zadock alifungua vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu ya mbele, ili avisafishe na kuvipaka grisi. Priscah alipewa beseni lenye mafuta ya taa aoshe nati na pini.

"Angalia pini hii," Zadock alimwambia, akiinua kipande kidogo cha waya kilichokunjwa mara mbili. "Barabara ikitikisa gari, nati inalegea. Pini inapita katikati yake na kuizuia isizunguke. Ikitoka pini, siku moja nati nayo itatoka. Nati ikitoka, mimi nitageuza usukani na gurudumu halitanisikia."

"Nimeelewa, Baba."

Priscah alilibeba beseni akaketi karibu na omena, ili aoshe huku akifukuza kuku. Kuku mmoja mwekundu aliruka katikati ya wavu. Priscah alimpungia mkono kwa nguvu, akasahau kwamba mkono huo ulikuwa umeshika pini. Pini iliruka, ikang'aa kidogo juani, ikaanguka kati ya maelfu ya samaki wadogo, kila mmoja mweupe na mwembamba kama pini yenyewe.

Aliinama akatafuta. Alifukua omena kwa mikono miwili, akazipepeta, akatafuta tena. Kutoka chini ya gari baba yake aliita, "Priscah, lete vitu. Jua linapanda."

Hapo angeweza kusema. Maneno matatu tu yangetosha: Baba, pini imepotea. Lakini jirani yao Jared alikuwa amesimama kando ya gari akitazama, na Zadock alikuwa anamsimulia habari za binti yake fundi. Priscah aliona aibu. Alichukua uzi mgumu wa wavu kutoka kwenye kikapu cha mama yake, akaingia chini ya gari. Upande wa kulia alitia pini. Upande wa kushoto alipitisha uzi mara tatu ndani ya tundu la nati, akaufunga kwa fundo ambalo hata kambare mkubwa hakuwahi kulifungua, kisha akaufunika kwa grisi.

"Pini zote ziko?" baba yake aliuliza.

"Ziko," alisema Priscah.

Siku tatu baadaye, Jumanne alfajiri, gari liliondoka Muhuru Bay kwenda Homa Bay. Nyuma aliketi nyanya yake Priscah, Phelesia, ambaye wajukuu walimwita Dani. Macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu, na daktari wa macho alikuwa akija Homa Bay siku moja tu kwa mwezi. Priscah aliketi karibu naye ili amwongoze. Walipofika Migori walimchukua Bwana Abdurahman, mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuja kutoka Lamu miaka mingi iliyopita, naye alikuwa akielekea Homa Bay, akaketi mbele karibu na dereva.

Walipoipita Migori kidogo, mlio ukaanza.

Ka-ka-ka. Kimya. Ka-ka-ka-ka.

Abdurahman aliinamisha kichwa akasikiliza. "Zadock ndugu yangu, gari lako linasaga mahindi?"

"Linakusalimia tu, Bwana Abdurahman. Halijakuona siku nyingi."

"Basi liambie lipunguze sauti. Nimeitikia tayari."

Watu wazima walicheka. Priscah hakucheka. Alijua mahali fundo lake lilipokuwa. "Si uzi," alijiambia moyoni. "Niliufunga vizuri. Ni kitu kingine." Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa nyanya yake.

"Nyathina," Dani alisema polepole, maana yake mwanangu, "mbona mkono wako una jasho na asubuhi bado ni baridi?"

"Joto la gari, Dani."

Walipofika Rongo, Zadock alisimamisha gari. Alilala chini chali, akagonga huku na huku kwa spana. Alipotoka alikuwa na masizi kwenye paji la uso. "Nimeipata. Bomba la moshi limelegea kule nyuma." Alilifunga kwa waya na koleo, akapangusa mikono. Priscah alivuta pumzi ndefu. Lilikuwa bomba tu. Kumbe alijitesa bure.

Walienda maili mbili kimya, na Priscah akaanza hata kutazama mashamba. Kisha barabara ikawa na mawe.

Ka-ka-ka-ka-ka.

"Salamu nyingine hizo," alisema Abdurahman. Safari hii hakuna aliyecheka.

Zadock alisimama tena. Alizunguka gari akipiga kila gurudumu teke. Aling'oa kifuniko cha gurudumu la nyuma, na ndani yake vikaanguka vijiwe vitatu. Alivionyesha katika kiganja kama mtu aliyeshika wezi. "Hawa ndio wapiga ngoma wetu." Akavitupa majanini.

Priscah aliomba vijiwe hivyo viwe ndivyo. Hakuwahi kuomba hivyo hata kanisani.

Walipoondoka, mlio haukungoja hata maili moja. Sasa ulikuwa mzito zaidi, na kila ulipolia Zadock aliushika usukani kwa nguvu, kwa sababu gari lilikuwa linavutwa kidogo upande mmoja.

"Mwanangu Zadock," alisema Dani, "mlio huo hauko nyuma. Uko mbele, upande huu wangu wa kushoto. Unalia tunapopita shimo, na unalia tunapokata kona."

"Mama, wewe pumzika. Hayo ni mambo ya chuma."

"Macho yangu ndiyo mabovu. Masikio hayana neno."

Zadock alitazama saa yake. Daktari alikuwa akiondoka saa sita kamili, na sasa ilikuwa inakaribia saa tano na nusu. Walifika Rodi, mahali ambapo barabara inaanza kushuka kuelekea ziwani. Kwa mbali maji yalionekana, na kati yao na maji kulikuwa na mteremko mrefu wenye kona nyingi.

Zadock alisimamisha gari kwa mara ya tatu. Abdurahman alishuka kunyoosha miguu, akamsaidia Dani kuketi juu ya jiwe kando ya barabara. Zadock alifungua boneti, akatazama, akaifunga. Aliinama akachungulia chini ya upande wa kushoto, lakini alichoona ni grisi na vumbi tu.

"Ni bati fulani tu linagonga," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Nitalitafuta tukirudi. Nikiendelea kusimama, mama atakaa mwezi mwingine gizani."

Alifungua mlango wa dereva. Priscah alimwona akitia mguu ndani. Aliutazama mteremko. Aliiona kona ya kwanza, na chini yake bonde. Akilini alimwona baba yake akigeuza usukani na gurudumu lisimsikie. Akaenda hadi mlangoni.

"Baba."

"Waite wengine, twende."

"Baba, usiliendeshe." Sauti ilikuwa ndogo mno. Akarudia. "Usiliendeshe. Ile pini ya kushoto haiko. Niliipoteza Jumamosi kwenye omena. Nilifunga uzi wa wavu."

Zadock alibaki na mguu mmoja ndani ya gari na mwingine nje. Kisha alichukua gunia, akalitandika karibu na gurudumu la kushoto, akalala, akatoweka hadi kiunoni. Priscah alichuchumaa kando yake. Alimwona akifuta grisi kwa kitambaa. Uzi ulikuwa umesagika, umebaki nyuzinyuzi kama ndevu za hindi. Zadock aliigusa nati kwa kidole kimoja.

Nati ikazunguka.

Aliigusa tena, raundi moja, mbili, na ya tatu ikaanguka kifuani pake. Fimbo ya chuma inayounganisha usukani na gurudumu ikacheza ndani ya tundu lake: ka-ka-ka.

Zadock alilala pale muda mrefu akitazama chini ya gari lake. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilimtisha Priscah zaidi kuliko kofi.

"Nipe spana namba kumi na saba. Na ule waya niliotumia Rongo."

Alirudisha nati, akaikaza hadi spana ikalia, akapitisha waya mnene ndani ya tundu na kuukunja kwa koleo pande zote mbili. Kisha alimwamuru Priscah aingie chini, auvute waya kwa nguvu zake zote. Haukusogea.

Walishuka mteremko polepole kama watu waliobeba mayai. Mlio haukusikika tena. Abdurahman, aliyekuwa hajasikia maneno ya pale mlangoni, alisifu, "Sasa limenyamaza kabisa. Ulipata nini, Zadock?"

"Nilipata ugonjwa wenyewe," Zadock alijibu.

Hospitalini msaidizi wa daktari alikuwa tayari anakusanya vyombo. Alimtazama Dani, akatazama saa ya ukutani, akasema, "Huyu mama ndiye wa mwisho," akamshika mkono na kumwingiza ndani. Zadock, Priscah na Abdurahman walikaa kwenye benchi nje.

Zadock alimwita binti yake kando, karibu na uzio.

"Pini moja nanunua bila kufikiri," alimwambia. "Ungeniambia, ningefoka kidogo, kisha tungenunua nyingine. Lakini uliponiambia ziko, niliendesha nikiamini. Nilimpakia mama yangu nikiamini. Nilikata kona zote zile nikiamini. Unaelewa ulichonipa? Hukunipa uzi. Ulinipa uongo nikaushike badala ya usukani."

Machozi yalimtoka Priscah. "Uliwaambia watu sijapoteza kitu mwaka mzima."

Zadock alikuna kidevu chake chenye masizi. "Hilo ni kosa langu, na sitalikana. Nilitamba mpaka nikakufungia mdomo. Tena niliuliza, nisichungulie mwenyewe. Tangu leo nitachungulia. Lakini wewe bado hujamaliza. Ndani ya gari tulikuwa wanne. Mimi umeniambia. Bado watu wawili."

Priscah alitazama benchi. Ilikuwa hatua kumi tu, lakini zilikuwa ndefu kuliko safari yote. Abdurahman alikuwa anafuta vumbi kwenye kofia yake.

"Bwana Abdurahman," alianza, "mlio ule nilikuwa naujua tangu Migori." Akasimulia yote: kuku, omena, uzi, kona. Abdurahman aliacha kufuta kofia. Uso wake ulibadilika Priscah alipofika kwenye nati iliyozunguka kwa kidole.

"Subhanallah," alisema kwa sauti ya chini. "Nina watoto watano nyumbani, binti yangu." "Umenitia hofu ambayo itanichukua siku kadhaa kuisahau. Sitasema haidhuru, kwa maana inadhuru. Lakini umekuja mwenyewe kwa miguu yako. Nimekusamehe."

Dani alitolewa saa saba, jicho moja limefungwa kwa kitambaa cheupe. La pili, daktari alisema, lingefanywa mwezi ujao. Priscah alipiga magoti mbele yake akamwambia pia. Mwanamke mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampapasa uso kwa vidole.

"Nilijua una kitu tangu asubuhi," alisema. "Mkono wako uliniambia. Nilingoja mdomo wako nao useme. Sikia, nyathina. Kila mtu hupoteza vitu, mimi nimepoteza vingi kuliko wewe. Aliyepoteza akasema, watu humsaidia kutafuta. Aliyepoteza akaficha, huwaacha wenzake watafute mahali pasipo na kitu, na hatari inakua wakiwa hapo wanatafuta. Usiwafanyie hivyo tena watu wanaokupenda."

"Sitarudia, Dani."

"Haya, niinue. Na mshike baba yako mkono mwingine. Hajala tangu alfajiri, na amepata mshtuko mkubwa kuliko sisi sote."