Sauti Isiyoitikiwa

Askale alikuwa uani akipepeta nafaka ya tefu, jua limeshapanda, aliposikia marehemu mama yake akimwita kutoka nyuma ya nyumba. Hakuitika. Pale mjini Dessie, Ethiopia, hata mtoto anajua: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza, maana jini humchukua anayeitika.

Miaka mitatu sauti ile ilimwita kila siku, na kila ikiita palinuka shuka ya pamba iliyolowa mvua. Hospitali walimbadilishia vidonge mara nne. Vikamnenepesha tu, huzuni ikabaki palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Mwishowe wakampeleka kwa Sista Workinesh, muuguzi anayetibu kwa mazungumzo. Vikao vinane, basi.

Saba vikaishia kwenye kusimulia maumivu ya magoti yake.

"Dada, leo ndio mwisho," Sista alisema siku ya nane. Naye alikuwa hoi, amesikiliza vilio vya watu tangu asubuhi. "Magoti nimeyajua mpaka nayaota. Niambie, mama alikufaje?"

Askale akajifunika mdomo kwa mtandio. "Aliniita. Mvua inanyesha, simwoni. Nikasema huyu jini, nikanyamaza. Akaita weee, mpaka akaacha. Kumbe ameanguka nyuma ya nyumba, Sista. Nilimkuta jioni, shuka yake imelowa chapachapa."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Ndipo harufu ya shuka mbichi ikaingia chumbani, ikapita chini ya meza, ikawapanda miguuni, na nje ya mlango, ambako dakika ile hapakuwa na mgonjwa wala mfagiaji, kikongwe akaita taratibu, kwa sauti ya mtu aliyelala chini na kuishiwa nguvu: "Askale!"

Kalamu ikamponyoka Sista.

"Umesikia?" Askale alinong'ona.

"Nimesikia. Usiitike, dada! Nakuomba, usiitike!" Masomo yote yalikuwa yamemtoka, ameushika msalaba wa shingoni.

"Nimechoka, Sista. Kama ni kunichukua, jini anichukue." Akageukia mlango. "Abee, mama!"

Sauti ikamjia sikioni kabisa:

"Mbona umechelewa, mwanangu?"

"Niliogopa, mama. Nisamehe."

Harufu ikapungua, ikaisha. Askale akaangua kilio cha msibani, kile ambacho hakukilia hata siku ya mazishi, na Sista Workinesh, aliyetakiwa kumwita mgonjwa mwingine, akafunga mlango, akaketi chini kando yake, wakalia pamoja.