Kidole Ndani ya Kichupa

Kila alasiri Chiriku alitoka shule akaenda kumsubiri shangazi yake maabara. Jina hilo alibandikwa nyumbani, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alikalia stuli karibu na mlango, akafanya hesabu zake. Sharti lilikuwa moja: macho yatembee, mikono itulie.

Shangazi alikuwa akitafuta dawa ya virusi vya homa iliyokuwa ikiwalaza watoto hospitalini. Ndani ya virusi hivyo mna RNA, ambayo hubeba maagizo ya kuvizalisha.

"Ni kama uzi," alimweleza, "ila haukai umenyooka. Hujikunja na kujisokota, ukafanya vitanzi. Nimepata dawa inayojibana ndani ya kitanzi kimoja. Ikikaa humo, uzi haukunjuki, na virusi havizaliani."

Siku moja shangazi aliitwa nje. Chiriku, hamu ikamzidi, akatoa kichupa cha RNA kwenye ndoo ya barafu mezani ili auone huo uzi. Akafungua, akachungulia. Mbona maji matupu? Akatumbukiza kidole, hakugusa kitu. Akarudisha kichupa haraka.

Kesho yake alimkuta shangazi ameshika tama.

"Tumeijaribu dawa, imegoma kukaa, mwanangu. Mkuu wa maabara anataka tuiache, tujaribu nyingine."

Chiriku akakumbuka kile kichupa. Akisema, huenda asiruhusiwe tena kuingia humo. Na asiposema?

"Leo umemeza ulimi? Unaumwa?" shangazi akauliza.

"Shangazi, nisamehe. Jana nilitia kidole kwenye kichupa." Machozi yakamtoka.

"Kidole kitupu? Kichupa kipi?"

"Chenye kifuniko cha bluu."

Shangazi akashusha pumzi, kisha akaangua kicheko huku akijifuta macho.

"Ngozi yetu ina vimeng'enya vinavyotafuna RNA kama mchwa na karatasi! Kumbe dawa haikushindwa. Ilikosa pa kukaa!"

Akavaa glavu, akatoa RNA nyingine kwenye friza, akaanza upya. Majibu yalipotoka, dawa ilikuwa imeng'ang'ania kitanzi barabara. Mkuu wa maabara mwenyewe akapiga makofi, akasema kazi iendelee.

Chiriku akahisi mwili mwepesi kama pamba.

"Kukosea umekosea, na wiki hii utanisubiri kwa mlinzi getini," shangazi alisema, akimkumbatia. "Lakini kidole chako kiliharibu kichupa kimoja tu. Kimya chako kingeizika dawa nzima. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, kosa likiwa bado linatengenezeka."