Hodi ya Ukutani

Hodi ilitoka ukutani.

Si mlangoni, ukutani, nyuma ya kabati la vyombo, jua likizama, Rosalia akichagua mchele kwenye ungo. Na kwa kuwa alikuwa mwanamke wa Kiluguru aliyefundwa akafundika, na kwa kuwa ilikuwa miaka hajapigiwa hodi na mtu, mdomo ukamtangulia.

"Karibu," akasema.

Kisha akanyanyua kichwa, akakumbuka kwamba upande ule hakuna mlango.

Johannesburg hodi hakuna. Mtu atakupigia simu yuko chini, au atagonga geti la mlango kwa funguo kama mdai. Rosalia alikuwa amelizoea hilo tangu amfuate mumewe, marehemu Vusi, aliyeishi ukimbizini kule Morogoro, wakaoana huko, na uhuru wa kwao ulipofika akamleta hapa Joubert Park, jengo la Ardwyn, ghorofa ya nne. Alizoea baridi, akazoea pap, ugali wa huko, akazoea hata ujane. Lililomshinda lilikuwa moja tu. Binti yao Lerato, msichana mzima anayefanya kazi ofisini Randburg, alikisikia Kiswahili chote lakini hakukisema. Mama auliza kwa Kiswahili, binti ajibu kwa Kiingereza, na shikamoo hakuwahi kuitoa hata siku moja. Hilo lilimuuma Rosalia, asikudanganye mtu.

Tena wakati ule nyumba yenyewe ilikuwa na harusi. Ardwyn na jirani yake Belmore yalikuwa majengo mawili yaliyochoka, yamesimama bega kwa bega, lifti zimekufa, mabomba yanalia, na manispaa ilishasema wazi: yatengenezwe, ama yafungwe na watu watolewe nje. Kila jengo lilikuwa na chama chake cha nyumba, na kila chama peke yake kilikuwa hoi. Ndipo Rosalia, mwenyekiti wa Ardwyn, na Ruphin, Mkongomani wa Lubumbashi, mwenyekiti wa Belmore, wakakubaliana kuyaunganisha: lifti moja, tangi moja, paa moja, na korido zipasuliwe zikutane. Watu wakaiita ndoa. Vikao vilijaa vicheko na ugomvi, maana kila upande ulitaka uwe ndio bwana harusi.

Kati ya majengo hayo palikuwa na uchochoro mwembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ulizibwa matofali zamani huku na huku, hata madirisha yaliyoutazama yalizibwa, na hakuna aliyejua kwa nini. Sasa ulikuwa uwekewe sakafu na paa ili uwe njia ya katikati. Mchora ramani alipouliza uchochoro ni wa nani, Rosalia alisema ni wa Belmore. Ruphin akasema ni wa Ardwyn. Wakacheka, kila kaya ikanyoosha mkono kukubali, na mafundi wakaanza kupandisha vyuma.

Baada ya ile karibu, ilianza harufu. Harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi ikasahauliwa kabatini. Rosalia akafua, akapiga deki, akafungua madirisha, wapi. Kisha zikaja sauti. Kila akikaa kuchagua mchele, ng'ambo ya ukuta, kule uchochoroni, mtu naye alikuwa akipepeta. Akisimamisha mkono, ule wa pili husimama kidogo baadaye.

"Mama Lerato," alinong'ona Thérèse, mshonaji kutoka Bukavu, jirani wa mlango wa pili, akimvuta pembeni ya korido. "Ile kitu ya ku ukuta, na wewe unaisikia?"

"Panya hao, dada."

"Panya haifagiake. Ile iko nafagia. Kila mangaribi iko nafagia, kama mutu anatengeneza nyumba kwa kuhama."

Rosalia akamwambia aache maneno ya kutisha watu wakati kazi ndiyo kwanza imeanza. Lakini usingizi wake ulishaharibika.

Jioni ya siku ya pili yake Lerato alirudi kazini, akafungua geti, akavua viatu, akasimama mbele ya mama yake na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Rosalia hakuuliza kitu. Furaha ilimpanda hadi machozi. "Marahaba, mwanangu! Marahaba!" Akamshika mashavu, akampigia simu dada yake Morogoro amsikilizishe, na huko Morogoro nako wakapiga vigelegele. Msichana aliongea bila kukwama, Kiswahili cha watu wa kale, kimetulia, hakina haraka.

"Umejifunza wapi mwanangu, na umenificha?"

"Nilikuwa nikisikiliza," akasema Lerato. "Miaka yote hii nilikuwa nikiwasikiliza."

Hapo ndipo Rosalia alipoisikia ile harufu ya nguo mbichi, na ilikuwa ikitoka kwenye nywele za binti yake.

Tangu saa hiyo Lerato hakula. Alikaa kitandani kaegemeza mgongo kwenye ukuta uliopakana na uchochoro, viganja kavilaza ukutani, anatabasamu. Bosi wake alipopiga simu kutoka Randburg kuuliza mbona haji, aliisogeza simu mbali na sikio akamtazama mama yake kwa mshangao. "Huyu asema lugha gani?" akauliza. Kiingereza alichozaliwa nacho kilikuwa kimemtoka chote. Na Rosalia, aliyeomba miaka mingi kusikia lugha yake ndani ya nyumba yake, alikwenda kujifungia bafuni akalia akiwa ameuma taulo.

Thérèse akaleta kikundi chake cha maombi. Waliomba mpaka wakalowa jasho. Kila walipotua, Lerato aliitikia "Amina" kwa adabu, na walipochoka akawashukuru na kuwauliza watarudi lini. Wale akina mama waliteremka ngazi bila kuagana.

Ndipo akaitwa Mzee Mwadini, Mpemba anayeshona kofia kule Hillbrow, ambaye watu humwendea kwa mambo yasiyosemwa. Alisimama kizingitini, hakuingia.

"Bibie," akasema kwa sauti ya chini, "nani alimkaribisha?"

"Hakuna, mzee wangu. Mimi..." Akageuka kuutazama ukuta. "Alipiga hodi. Nilisema karibu."

"Basi huyu si mwizi nimfukuze. Mgeni huyu." Mzee akashusha pumzi, akaingia, akachutama mbele ya msichana. "Mgeni wetu, wataka nini?"

Lerato hakufungua mdomo, ila sauti ilitoka, ikatoka kwake na ukutani kwa pamoja, pole pole, haina hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomkata Rosalia maini: kwamba walikaa vikao, wakaulizana kaya kwa kaya, hata mlevi wa chumba cha chini wakamwamsha anyooshe mkono, lakini yeye aliyekaa baina yao tangu udongo wa matofali yao haujachimbwa, aliyesikia watoto wao wakizaliwa upande huu na wazee wao wakikata roho upande ule, yeye hakuna aliyempigia hodi wala kumuuliza ahamie wapi, kila mmoja alimsukumia mwenzake, basi akapiga hodi mwenyewe, na mama huyu akamkaribisha, na kwa kuwa kwake panajengwa, yeye amekwisha hamia, na humu alimohamia mna joto.

Taa ikafifia. Mkono wa Lerato ulikuwa baridi kama chuma cha geti.

"Kazi naisimamisha," Rosalia alinong'ona. "Mzee, mwambie naisimamisha."

"Na watu?" Mwadini akauliza.

Rosalia akawafikiria: Thérèse na cherehani yake, wazee wa chini, watoto wa majengo mawili, wote barabarani na baridi hii ya Juni, vyombo vyao vimerundikwa kando ya lami. Akamtazama binti yake aliyebaki mifupa. Akatazama jiko alilopikia tangu Vusi yu hai, na ukuta ambao Vusi aliupaka rangi kwa mkono wake akaacha alama ya kidole gumba karibu na swichi.

"Mwambie achukue nyumba yangu," akasema. "Hii, yote. Mimi ndiye mwenyekiti, mimi ndiye ninayempa. Aniachie mwanangu."

Kisha Lerato akaanguka kifudifudi, na ile harufu ikamtoka ikatawanyika chumbani, ikapanda kwenye mapazia, ikakaa. Mwadini akawatoa wote wawili upesi, bila hata viatu, akavuta mlango.

"Sikiliza, bibie. Sasa hapa ni kwake. Usipige hodi, usiingie. Na ukipita, lolote utakalosikia, usilijibu. Ukimjibu umemkaribisha tena, na safari ya pili mimi sina dawa."

Walihamia upande wa Belmore. Lerato alipozinduka aliomba maji kwa Kiingereza, na Rosalia akamshukuru Mungu kwa Kiingereza hicho. Mwaka haukuisha ndoa ikafungwa: paa moja, lifti moja, na Ruphin alicheza mpaka tai ikapotea. Kwenye ramani nyumba ya zamani ya Rosalia iliandikwa ghala. Hakuna aliyeomba ufunguo.

Lerato akanawiri, akarudi kazini. Kiswahili hakukisema tena hata neno. Rosalia alijifunza kutokitaka, au alijidanganya hivyo. Tatizo lilikuwa lifti tu, maana ili kuifikia ilimbidi apite mbele ya mlango ule kila siku.

Jioni moja alikuwa akirudi na mfuko wa nyanya. Alipofika usawa wa mlango, akasikia mchele ukichaguliwa ndani. Akaongeza mwendo.

"Shikamoo, mama."

Ilikuwa sauti ya Lerato. Na Rosalia alijua kwamba Lerato yuko Randburg, alijua alichoambiwa na Mzee Mwadini, alijua kila kitu, lakini miguu ilikataa, na kifua kikamjaa miaka yote ile ya kuongea peke yake jikoni, ya kuuliza kwa lugha hii akajibiwa kwa ile, na sauti ilikuwa na upole, na ilikuwa ikingoja, nawe unajua mwanamke aliyefundwa akafundika haachi shikamoo ya mtoto ianguke chini.

"Marahaba," akanong'ona. "Marahaba, mwanangu."

Ndani mkono uliokuwa ukichagua mchele ukasimama. Kisha simu ikalia kwenye mkoba. Lerato, kutoka Randburg. Rosalia akaipokea, akiomba moyoni asikie Kiingereza.

"Mama," akasema binti yake kwa Kiswahili, taratibu. "Nimesikia umeniitikia. Nakuja nyumbani."