Damu Moja, Dawa Moja

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Mektrida alimkamua ng'ombe. Kazi hiyo ilikuwa ya mama yake, Flavia, lakini siku hizi mama aliamka vidole vimevimba na kukakamaa, hata kushika kikombe cha chai kulimshinda mpaka jua lipande. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kufika kijijini kwao Kilema, na kahawa ya Flavia iliivia mtini bila wa kuichuma.

Jumamosi moja alikuja dada yake Flavia, mama mkubwa Lukresia. Naye aliugua baridi yabisi, ila dawa za hospitali zilimkubali, akawa anatembea kwa madaha. Kwa muda sasa alikuwa akimgawia mdogo wake vidonge vyake.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mama amemeza dawa?"

"Amemeza, akatapika. Na mdomo umejaa vidonda. Tumpeleke hospitali."

"Hospitali ya nini? Dawa si hizi hizi? Tumbo moja limetuzaa. Damu moja, dawa moja!" Akamtazama mtoto juu hadi chini. "Na wewe uliyepewa jina la bibi, vidole vyake vilivyopinda ndivyo urithi wako. Jizoeze kuvumilia."

Loo! Mektrida alipandwa na hasira. Ni kweli, akiwa binti wa pili alipewa jina la bibi mzaa mama, kama desturi inavyotaka. Lakini jina limekuwa ugonjwa lini?

"Sijizoezi ng'o!" alisema. "Jumatatu nashuka na mama mjini Moshi, hata ukinuna."

"Mtoto huna adabu!"

"Adabu ninayo, mama mkubwa. Ila mama ninaye mmoja tu."

"Nitakwenda," Flavia akasema polepole. "Nimechoka kutapika."

Jumatatu Lukresia naye akafuatana nao, ili akawasute. Huko hospitali daktari, mama mmoja aitwaye Elinipendo, aliagiza damu ipimwe, kisha akaomba aonyeshwe vile vidonge, akaambiwa ni vya dada mtu.

"Acha hivi leo hii," alimwambia Flavia. "Baridi yabisi haitokani na baridi ya mlima, wala si laana. Ni kinga ya mwili inayovishambulia viungo vya mwili huohuo. Kila mtu hurithi vinasaba kwa baba na mama, lakini ndugu hawagawiwi sawa. Vinasaba ni sababu mojawapo inayofanya dawa imfae huyu na imdhuru yule. Nitakupa nyingine, nawe utarudi nikupime."

"Na mimi nitaugua, daktari?" Mektrida aliuliza.

"Uwezekano wako ni mkubwa kidogo kuliko wa wengine. Lakini wengi wenye ndugu wagonjwa hawaugui kabisa. Ukiona vidole vinavimba, njoo mapema."

"Basi nitakuja mapema. Kukaa kungoja vidole vipinde, sitaki!"

Lukresia hakusuta mtu. Njiani akamwomba mdogo wake radhi.

Miezi ikapita. Kwa dawa mpya vidole vya Flavia vililegea, naye akarudi kuchuma kahawa. Siku moja wote watatu wakiwa shambani, jirani yao Yoramu alikuja akichechemea.

"Mama Lukresia, nigawie vidonge vyako viwili tu, goti linaniua."

"Thubutu!" Lukresia aliruka. "Havikumfaa mdogo wangu wa tumbo moja, sembuse wewe jirani! Dawa si chumvi ya kuombana. Shuka Moshi ukapimwe!"