Swichi ya Mjomba Ransford

Mwendo wa mkono uliorekodiwa ulikuwa na urefu wa dakika nne na sekunde kumi na mbili. Novlet alilijua hilo kama anavyojua umri wake, kwa kuwa ni yeye aliyeurekodi. Asubuhi ile ya Jumanne, mstari wa mwendo huo kwenye kioo cha kompyuta ulifika mwisho, ukatulia kama mtu anayemeza mate, kisha ukaendelea kupanda.

"Clovis, umegusa programu yangu?"

"Mimi?" Mumewe alikuwa akimenya chungwa mlangoni. "Hiyo kompyuta naiogopa kuliko ninavyomwogopa mama yako."

Studio ile ya Vineyard Town ilikuwa ya Mjomba Ransford, mjomba wa Clovis. Kwa miaka arobaini waimbaji wa Kingston walimfuata kwa jambo moja tu: namna alivyoizungusha swichi kubwa nyeusi ya meza yake ya kuchanganyia sauti. Swichi ilikuwa na hatua kumi, na kila hatua ilikata besi zaidi, mpaka katika hatua ya kumi wimbo mzima ukabaki mchakacho wa mchanga juu ya bati. Kabla ya kuigusa, mzee aliipangusa mara mbili kwa pindo la shati lake. Alipougua, Novlet alianza kuunda kichujio cha kidijitali cha kuirithi swichi ile. Aliurekodi mwendo wa mkono wa mzee, wapi ulisita, wapi uliruka, ili vigezo vya kichujio navyo vibadilike kila nukta kama vilivyobadilika mkononi mwake. Sauti ya kujaribia ilikuwa ya Clovis, besi nzito ambayo kanisani ilitetemesha viti.

Mzee alifariki kabla vipimo havijakamilika, na hapo ndipo kosa lilipofanyika. Usiku wa tisa wa msiba, baada ya nyimbo na samaki wa kukaanga, wanawake walikuja kukigeuza chumba cha marehemu: kitanda kihamie ukuta mwingine, kabati litazame kwingine, ili dapi wake, yaani mzuka wake, akirudi asiitambue nyumba, aende zake. Chumba cha mzee kilikuwa studio yenyewe, alilala humo. Novlet alisimama mlangoni, mikono kwenye miimo yote miwili.

"Humu hakisogezwi kitu hata unene wa kidole. Bado napima."

Mama Icilda, kiongozi wa kanisa la Uamsho, penseli imechomekwa kilembani, alimsogelea. "Binti, unampimia nani nyumba?"

Wanawake waliondoka. Chumba kilibaki kama kilivyokuwa.

Jumatano mstari ulipanda wenyewe hadi hatua ya tano. Mlango wa studio ulipofungwa haukutoa kishindo, ulitoa mlio mwembamba kama wa kijiko. Clovis aliita kutoka jikoni, na sauti yake ikafika kama ya mtu aliye kwenye simu mbovu.

"Una mafua?"

"Nina njaa," alijibu kwa sauti ya nyigu, na wote wawili wakacheka.

Alhamisi ilikuwa hatua ya saba, na hawakucheka. Novlet aliizima kompyuta, akazima spika, akazing'oa nyaya zote ukutani. Chumba kilijaa harufu ya ramu ya kuchulia kichwa, ile aliyojipaka mzee siku za homa. Kisha, waya ukiwa bado mkononi mwake, spika ilianza kuvuma chini kabisa, na ndani ya mvumo ule mkawa na besi ya Clovis, ile sehemu iliyopotea.

"Novlet. Nifungulie."

Clovis alikuwa amesimama kando yake, midomo imefungwa.

Novlet alimwita Mama Icilda, naye akaja Jumamosi adhuhuri. Walikigeuza chumba chote, meza wakaisukuma mpaka ukuta wa mashariki. Alinusa hewa, akatikisa kichwa. "Bado. Mezani mzee hakai. Yumo wapi hasa?"

"Kichujio kina kumbukumbu," Novlet alinong'ona. "Sauti ikitoka, sehemu yake hurudishwa ndani ichanganyike na inayofuata. Bila hivyo hakichuji."

"Basi anakula kinachorudi. Geuza na humo ndani. Kisha ufagie."

Kugeuza Novlet alikuweza. Kichujio kilekile huweza kujengwa ndani kwa mpango mwingine, nyumba ileile kwa nje, vyumba vimebadilishana. Alikuwa ameziunganisha tena nyaya na kuuandika mpango huo usiku kucha. Kufagia ndiko kulikomtisha, kwani ni kuirudisha kumbukumbu yote kwenye sifuri.

"Mwenye sauti asimame ilipochukuliwa," Mama Icilda aliamuru.

Clovis aliingia kwenye kibanda cha kuimbia, nyuma ya kioo kinene. "Nikitoka nataka samaki na bammy, mkate wetu wa muhogo," alisema kwa uzi wa sauti uliobaki. Mlango ukajifunga nyuma yake, na Novlet alipokishika kitasa, kikazunguka bure.

Hatua ya nane, na mstari haukusita. Tisa, na Clovis akaanza kuupiga mlango kwa ngumi zisizosikika, kisha kwa bega, kisha akaubandika uso wake kwenye kioo mpaka pua ikalalia upande, mdomo wake ukifunguka na kufumba kwa jina ambalo Novlet alilisoma bila kulisikia, jina lake mwenyewe, tena na tena, huku pumzi ikiuchora ukungu kwenye kioo na harufu ya ramu ikizidi hata macho yakawachoma, na kwenye meza iliyohamishwa swichi nyeusi, isiyoguswa na mtu, ikianza kujizungusha polepole kuelekea hatua ya mwisho.

Kompyuta ilimsubiri kwa vitufe viwili: FUTA na HAMISHA. Kufuta ni kufagia. Kuhamisha ni kuichukua kumbukumbu ya zamani kama ilivyo na kuiweka katika vyumba vipya.

"Fagia!" Mama Icilda alinong'ona.

"Sauti yake imo humo, Mama."

"Atabaki bubu, lakini atabaki yeye. Fagia!"

Spika ikavuma. "Novlet," ilisema besi ya mumewe, karibu kabisa na sikio lake. "Usinimwage."

Akabonyeza HAMISHA.

Hakukuwa na mlipuko. Mstari ulishuka na kulala. Harufu ilikatika. Mlango wa kibanda ukafunguka kwa kishindo kizito, na Clovis akatoka akihema.

"Novlet," alisema, na vioo vikatetemeka.

Novlet alimkumbatia, akalia kifuani pake, akiisikia besi ile ikipita kwenye mifupa yake. Mama Icilda hakusogea. Penseli ilikuwa imemdondoka, na hakuinama kuiokota.

Clovis alijinasua taratibu. Alikwenda mpaka pale meza ilipokuwa zamani, akapapasa hewa, akageuka.

"Nani kaisogeza meza yangu?" aliuliza kwa upole.

Kisha akaifuata ukutani, akashika pindo la shati lake, akaipangusa swichi mara moja, halafu mara ya pili.