Sakafu ya Bibi Odessa

Kila asubuhi, kabla ya basi la shule, Marlee alinawa uso akiwa amejibanza ukutani. Katikati ya bafu sakafu ilikuwa imeoza kwa maji ya bomba bovu, na Bibi Odessa alikuwa ameifunika kwa mlango wa kabati la zamani.

"Serikali ikinirudishia kodi niliyokatwa mwaka jana, tunaweka mbao mpya," Bibi alisema, akimpakulia maharage na mkate wa mahindi. "Na hela hizo unaniletea wewe. Serikali humwongezea anayelea mtoto."

Marlee aliacha kutafuna. Chini ya meza alivuta nyuma miguu yake yenye raba mpya. Baba yake, Travis, alikuwa amemletea raba hizo Januari, akamwomba namba yake ya utambulisho ya serikali, ya kujazia fomu ya kodi.

"Siri yetu, mwanangu. Bibi usimsumbue."

Travis aliishi peke yake mjini Lexington. Marlee alilelewa na Bibi.

Februari jibu la fomu ya kodi ya Bibi likaja: mtoto huyo ameshaandikishwa na mtu mwingine, malipo yamezuiwa.

"Wamekosea hawa," Bibi alisema. "Mtu mwingine nani?"

Marlee alijua. Akainama kufunga kamba za raba.

Wiki hiyohiyo mlango wa kabati ulivunjika. Bibi alizama hadi pajani, mguu ukavunjika.

Hospitalini Marlee alivua raba, akaziweka kitandani. "Ni baba. Namba nilimpa mimi."

Bibi alizitazama. "Zinakubana?"

"Hapana."

"Basi vaa. Nje kuna theluji."

Travis alipoitwa alikuja na gari lenye magurudumu mapya yanayong'aa. "Mama, ningekurudishia."

"Kwa kitu gani? Kwa magurudumu?"

Jumamosi iliyofuata alirudi, gari likiwa na magurudumu ya zamani na limebeba mbao; yale mapya alikuwa ameyauza. Alipigilia misumari mchana kutwa, akaondoka bila kula.

Bibi aliigonga sakafu kwa mkongojo wake. Haikutikisika.

"Umenisamehe?" Marlee aliuliza.

"Siku ileile. Lakini kazi yangu ya kufua mashuka kule kwenye nyumba ya kutunzia wazee wameshampa mwingine. Hawakuweza kuningoja mguu upone." Bibi aliketi taratibu. "Mtu akikupa zawadi halafu akakuomba usimwambie anayekulea, mrudishie, hata akiwa baba yako. Sakafu imepona, mjukuu wangu. Mimi na mwanangu, bado."