Senti Iliyogongwa Tupu

Sogeeni karibu, wanangu. Wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka. Redio zimeni, na anayetafuna ameze kwanza.

Huku kwetu Pensilvania, kwenye mabanda mekundu ya ng'ombe, alikuwepo Elwood Trexler. Sebule yake aliifanya duka la sarafu za kale, na alizozipenda kuliko zote ni sarafu za mgongano. Sarafu hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Siku kipande cha shaba kikikosa kuingia, mihuri hugongana mitupu, kila mmoja ukamwachia mwenzake alama. Tangu hapo kila sarafu hutoka na kivuli cha mgongo wake usoni.

Asubuhi moja ya theluji akaleta senti kutoka mnadani. Akachora shada la majani lililo mgongoni mwa senti kwenye karatasi nyepesi ya kuonyesha, akaigeuza, akailaza usoni mwa senti, penye kichwa cha mwanamke. Jani la karatasini likakaa juu ya kivuli cha jani.

"Meda! Njoo uone, mgongano halisi!"

Mkewe akaja na unga mikononi. "Na huu mdomo je?"

"Mdomo gani?"

"Hapo shingoni. Wa bibi huyu si huo, na mgongoni sioni mdomo."

"Macho ya jikoni hayo. Nenda, soseji zinaungua."

Akaibusu senti, kama alivyozibusu zote alizozitambua. Kisha akambusu shavuni binti yake Rosina, aliyekuwa akijisuka aende shule. Ndani ya ukuta kikalia kitu, ngwaa! Chuma kwa chuma. Nyumba ikanuka shaba ya moto.

Rosina aliporudi, shavuni pake palikuwa na mdomo, rangi ya senti, umeinuka kidogo. Meda akauosha kwa sabuni. Ukafumbuka.

"Baba," Rosina akanong'ona, "unapumua."

Mdomo ukasema, sauti kama ya mtu aliyebanwa mlangoni: "Walinigonga tupu. Nipeni kitu cha katikati."

Wakamwita Bibi Kutz, mganga wa maombi. Alitazama mara moja tu.

"Elwood, kiwandani alama hii huondolewaje?"

"Wanausugua muhuri, Bibi."

"Basi msugue. Kwa kiganja, kwa majivu, na kwa maneno nitakayokupa. Busu lilikuwa lako, mkono wangu haufai. Jicho lisipouona tena, acha hapo hapo. Ukizidisha, unamsugua mtoto."

"Nimesikia. Mimi si mjinga."

"Wajinga wote niliowazika walisema hivyo."

Bibi Kutz akaichukua ile senti kwa koleo, akaenda nayo kwa mhunzi ikayeyushwe.

Elwood akasugua. Mdomo ukamng'ata kiganja, ukamtukana, ukamwomba, ukanyamaza.

"Umetoka!" Meda akalia. "Acha, mume wangu, umetoka!"

Lakini Elwood akachukua lenzi yake ya kukagulia sarafu.

"Bado. Pembeni, kama uzi."

"Mimi sioni kitu!"

"Wewe uliona lini?"

Akasugua tena, akatazama tena kwa lenzi, na kila alipotazama aliona kauzi kengine, chini ya jicho, kando ya pua, akakafuata kwa kiganja chenye majivu huku Meda akimvuta shati na Rosina akisema, "Baba, inauma, Baba, basi," na kishimo cha shavuni kikajaa, na doa la kuzaliwa likapotea, na nyusi zikafutika, na kingo za midomo zikayeyuka, mpaka ule uso ukawa laini kama sarafu iliyokaa mfukoni mwa babu na mjukuu, na hapo ndipo lenzi haikuona kitu.

"Sasa umetoka," Elwood akasema, na jasho likimtiririka. Kisha akaiweka lenzi chini, akamtazama mwanawe.

Ule mdomo haukurudi tena. Elwood alipokufa, duka alilirithi mpwa wake, nyumba akabaki nayo Meda. Rosina yu hai, mpole, fundi wa mapai. Lakini ukimpa kisogo tu, humkumbuki alivyo. Mama yake mwenyewe humwuliza mlangoni, "Karibu, nani mwenzangu?"

Zile nyusi, doa na kishimo vilihamia kiganjani mwa Elwood, vimegeuka, cha kushoto kikawa kulia. Alikufa amekunja ngumi, waosha maiti wakashindwa kuifungua, akazikwa hivyo hivyo. Kwa hiyo Rosina, mtoto wa pekee, hata uso wake mwenyewe hakuurithi.